Mwalimu wa Fani Elfu: Marehemu Necmeddin Efendi wa Üsküdar

Waturuki wana neno moja zuri, hezarfen. Hezar ni elfu kwa Kifarsi, na fen ni hii hii fani yetu tuitumiayo katika Kiswahili. Basi hezarfen ni mtu wa fani elfu. Neno hili hawalitoi ovyo. Mwenye kujua kazi mbili tatu haitwi hivyo, wala mwenye kujitia katika kila jambo asimalize hata moja. Huitwa hivyo yule ambaye kila kazi aliyoishika aliifikisha ukomo wake, hata wenye kazi wenyewe wakawa wanakuja kumwuliza yeye. Katika karne iliyopita, mtu mmoja aliyelistahili jina hilo pasipo ubishi ni Hafidh Necmeddin Okyay, ambaye kwa matamshi yetu ni Najmuddin, imamu wa msikiti na mwalimu wa khati na sanaa katika mji wa Istanbul. Alifariki Januari 1976, na kwa kuwa yapata nusu karne tangu atutoke, nimeona yafaa watu wa majumbani mwetu nao wamjue.

Sikumchagua kwa sifa zake peke yake. Liko swali linalonijia mara nyingi nikaapo mbele ya wanafunzi: mwalimu afanyeje pale ambapo kile alichopokea kwa walimu wake, kwa ijaza na kwa sanadi, kinakatazwa au kinaachwa na watu, ilhali yeye yungali hai na mikono yake ingali na nguvu? Wako walionuna wakafunga milango. Wako waliolia mpaka mauti yakawakuta. Bwana huyu alichanganya rangi.

Alizaliwa Üsküdar mwaka 1883. Üsküdar ni ule upande wa Istanbul ulioko Asia, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosphorus, mahali penye misikiti mingi, makaburi makubwa na mabustani. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti uitwao Yeni Valide, na mtoto alihifadhi Kurani akingali mdogo. Baadaye naye akaushika uimamu wa msikiti huo huo, akadumu nao miaka 40. Jambo hili msomaji aliweke moyoni, kwani habari zote zitakazofuata, za rangi na mishale na maua, ni habari za mtu aliyekuwa na wajibu wa kusalisha watu, na alfajiri haimngojei mtu.

Khati aliisoma kwa mabingwa wa zama zake. Kwa Sami Efendi, aliyefariki mwaka 1912, alisoma khati ya taaliki, ile ilalayo kama makuti yapigwayo na kusi, akapewa ijaza mwaka 1905. Kwa Hacı Arif Efendi wa Filibe alisoma thuluthi na naskhi, akapewa ijaza mwaka 1906. Huyu Arif Efendi alikuwa na duka la vyakula, hata watu wakamwita Arif Mwenye Duka, na jina hilo likamganda mpaka leo katika vitabu vya wenye fani. Nalitaja kwa ajili ya wale wadhanio kuwa elimu haikai pamoja na mizani na magunia.

Na khati husomwaje? Somo la kwanza, kwa desturi ya Waturuki, si alifu wala bee. Ni dua, mwanafunzi kumwomba Mola wake ampe wepesi wala asimpe uzito, na amtimizie kwa kheri. Mwalimu huiandika mbele ya mwanafunzi, mwanafunzi huichukua nyumbani akaiiga, kisha huirudisha. Mwalimu huitazama, na chini ya kila herufi iliyopotoka huandika ile iliyo sawa, akipima kwa nukta za kalamu ile ile: urefu huu ni nukta kadhaa, upana huu ni nukta kadhaa. Mwanafunzi hurudi nyumbani akaanza tena. Yaweza kupita miezi mingi hajavuka dua hiyo moja. Wala katika desturi yao mwalimu hatozi ujira. Alichopewa bure hukitoa bure. Baba wa leo ambaye mtoto wake akikaa juma mbili katika sura moja huja kumlaumu mwalimu, na atafakari.

Sasa tuje katika tabia yake iliyomfanya awe kioja mbele ya watu. Necmeddin Efendi hakuweza kutumia kitu pasipo kutaka kujua kimefanywaje. Waandishi wengine walinunua wino wakaandika. Yeye alikwenda kwa bwana mmoja aliyeutengeneza, akajifunza kuutengeneza kwa mkono wake. Wino wa khati ni masizi ya taa ya mafuta yaliyochanganywa na gundi, yakatwangwa na kutwangwa tena, maelfu ya mapigo, mpaka yawe laini kabisa. Katika msikiti mkuu wa Süleymaniye, uliojengwa katika karne ya 16, mjenzi wake Sinan aliweka chumba juu ya mlango ambamo moshi wa taa zote ulivutwa ukaacha masizi yake, na waandishi wakayachukua kufanyia wino. Basi hata moshi wa msikiti haukupotea bure.

Kutoka katika wino akaingia katika karatasi. Karatasi mbichi hunywa wino, na herufi hutanuka kama doa la mafuta. Kwa hiyo hupakwa wanga, kisha ute wa yai uliochanganywa na shabu, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ing'ae, na baada ya hapo huwekwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuandikiwa. Faida yake ni kuwa wino hukaa juu wala hauzami, na mwenye kukosea aweza kuifuta herufi kwa kidole kilicholowa au kwa ncha ya ulimi. Ndiyo maana Waturuki husema juu ya mtu aliyesoma kuwa ni mtu aliyelamba wino. Karatasi namna hii Necmeddin Efendi alizitengeneza mwenyewe, kisha akawafundisha wengine.

Kutoka katika karatasi akaingia katika ebru, na hapa ndipo jina lake lilipokuja kuenea. Ebru ni karatasi yenye mawimbi ya rangi, kama marumaru, waliyokuwa wakiipamba kwayo mipaka ya maandishi na ndani ya majalada. Juu ya kilima kimoja cha Üsküdar palikuwa na zawia ya Wauzbeki, wageni waliotoka Bukhara na pande zile wakielekea Hijja, na sheikh wake, Edhem Efendi, alikuwa naye mtu wa fani elfu: seremala, mhunzi, mpiga chapa, mwenye kuunda mashine. Kijana Necmeddin alipanda kilima akajifunza ebru kwa mzee huyo, ambaye alifariki mwaka 1904.

Kazi yenyewe ni ya ajabu kwa mwenye kuitazama. Maji hutiwa utomvu wa mti mdogo wa miba mpaka yawe mazito kidogo, yakamiminwa katika sinia. Rangi ni udongo uliosagwa, ukatiwa matone ya nyongo ya ng'ombe. Kwa nguvu ya nyongo hiyo rangi haizami, bali hutandaa juu ya maji, kila rangi ikisukumana na mwenzake pasipo kuchanganyika. Fundi hurusha matone kwa brashi ya nywele za mkia wa farasi iliyofungwa katika kijiti cha mwaridi. Huyavuta kwa sindano hivi na hivi, kisha hulaza karatasi juu yake polepole, akaiinua, na yale yaliyokuwa majini yamehamia katika karatasi. Jingine mfano wake halipatikani tena, hata angekaa siku nzima akijaribu. Nyongo ikizidi kidogo, rangi hukimbia, ikipungua, huzama. Joto la chumba, vumbi, pumzi ya mtu, vyote vina hukumu. Hii ni kazi isiyomtaka mwenye haraka wala mwenye kiburi.

Mafundi waliotangulia walivuta mawimbi na vilima. Necmeddin Efendi alizivuta rangi zikawa maua: tulipu, waridi lisilochanua, na mengine, maua yanayotambulikana kwa jina, yaelea juu ya maji. Maua haya Waturuki huyaita kwa jina lake mpaka leo. Akazua pia ebru ya maandishi: huandika jina la Mwenyezi Mungu kwa gundi juu ya karatasi, akailaza katika rangi, na pale palipo na gundi rangi haishiki, basi jina hutokea jeupe katikati ya mawimbi. Baadhi ya wasomaji watauliza juu ya hukumu ya kutia picha. Maua na miti si katika yale yenye roho, na imepokewa kwa Ibn Abbas, radhi za Mungu zimshukie, kwamba alimwelekeza fundi wa picha ashike kuchora miti na visivyo na roho. Mzee imamu hakuivuka mipaka hiyo.

Kisha yako mabustani na mishale. Nyumbani kwake alipanda miwaridi, na yasimuliwa kuwa alikuwa na aina zipatazo 400, akizijua moja moja kwa majina yake. Nadhani watu wa nyumbani kwake walipata taabu ya kupita. Kadhalika alijifunza upinde kwa mabingwa wa fani hiyo, kuulenga na kuuunda pia, fani aliyoihimiza Mtume wetu s.a.w., na ambayo Istanbul ilikuwa na uwanja wake maalumu tangu siku za Sultani Muhammad Mfunguzi. Ilipotoka sheria ya mwaka 1934 ya kumtaka kila Mturuki awe na jina la ukoo, imamu alichagua Okyay: ok ni mshale, na yay ni upinde. Fikiri, msomaji, imamu wa miaka hamsini na moja, hafidh wa Kurani na mwandishi wa khati, anaambiwa achague jina litakalobebwa na wajukuu wake, naye ajiita Mshale-na-Upinde.

Na lilikuwa jambo jingine ambalo wenzake walilistaajabia zaidi. Akiletewa kipande cha khati kisicho na sahihi, cha miaka mia au mia mbili nyuma, hukitazama kidogo akamtaja aliyekiandika. Si kwa uganga. Mtu aliyekwisha kuandika kila herufi kwa kalamu aliyoichonga mwenyewe, kwa wino wake, juu ya karatasi aliyoisugua mwenyewe, huijua mikono ya watu kama sisi tujuavyo sauti ya jirani nyuma ya ukuta.

Mwaka 1914 ilianzishwa Istanbul Madrasa ya Waandishi wa Khati, kwa Kituruki Medresetü'l-Hattatin, ili fani hizi zisipotee. Necmeddin Efendi aliingia humo kuwafundisha watu kutengeneza karatasi na ebru. Miaka kumi baadaye, mwaka 1924, madrasa zote za Uturuki zilifungwa kwa sheria, na hii nayo ikafungwa. Ikafunguliwa tena kwa jina la shule. Ndipo likaja lile kubwa. Tarehe 1 Novemba 1928 ilipitishwa sheria ya kuziacha herufi za Kiarabu na kushika za Kirumi, na kuanzia mwaka 1929 ikawa haramu kwa sheria ya nchi kuchapa kitabu cha Kituruki kwa herufi zile za zamani. Ibao za maduka, barua za serikali, vitabu vya shule, vyote vikabadilika kwa muda wa miezi.

Yafaa tusimame hapa kidogo, kwani watu huitaja habari hii kwa sentensi moja wakapita. Mtu aliyetumia miaka kumi kujifunza mkunjo wa nuni aliamka siku moja akakuta mkono wake hauna soko. Mwandishi mkubwa Halim Özyazıcı akashika kilimo cha mizabibu. Hamid Aytaç, aliyetoka Diyarbakır, akaendelea kwa chapa na kazi ndogo ndogo, naye ni katika wachache waliodumu na kalamu mpaka mwisho wa umri wao. Alifariki mwaka 1982. Wengine hata majina yao hayakubaki.

Necmeddin Efendi alifanya nini? Khati haikuwa na nafasi tena shuleni, lakini sheria haikusema neno juu ya karatasi zenye mawimbi, wala juu ya kujalidi vitabu. Basi akayafundisha hayo. Shule ile iligeuzwa jina ikawa ya sanaa za mapambo za Mashariki, na mwaka 1936 ikaunganishwa na Chuo cha Sanaa cha Istanbul, chuo kikongwe kilichoanzishwa na Osman Hamdi Bey mwaka 1882 kwa ajili ya uchoraji na uchongaji wa namna ya Ulaya. Huko, katikati ya wanafunzi waliokuwa wakichora kwa mafuta kama wafanyavyo Paris, alikuwako imamu wa Üsküdar na sinia lake la maji na chupa yake ya nyongo. Alifundisha humo mpaka mwaka 1948 alipostaafu kwa umri.

Nami naona hapo ndipo palipo na siri yake yote. Lau angalikuwa ni mtu wa fani moja, sheria moja ingalimmaliza. Kwa kuwa alikuwa na milango mingi, ulipofungwa mmoja aliwapitisha wanafunzi kwa mwingine. Na mwanafunzi aliyeingia kwa mlango wa rangi, baada ya muda huuliza: mawimbi haya yalikuwa ya kupambia kitu gani? Jibu lake ni khati. Hapo mzee huchukua kalamu.

Sisi watu wa pwani hatuko mbali na habari hii. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na maandiko yaliyosalia yarudi nyuma hadi karne ya 18. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi na mwekundu, misahafu ambayo baadhi yake ingaliko. Herufi za Kirumi ziliposhika shule na afisi katika siku za Wajerumani na Waingereza, wazee hawakukatazwa kuandikiana barua kwa zile za kwanza. Ziliachwa tu, mzee mmoja baada ya mmoja, sanduku moja baada ya jingine. Sijui lipi lililo zito, kunyang'anywa au kuacha mwenyewe. Katika vyuo vyetu zamani mtoto alianza kwa ubao, kalamu ya utete na wino wa masizi. Leo huja na kalamu ya duka na daftari la mistari, huiandika jimu kama ndoano iliyopinda na nukta huitupa popote, na sisi walimu tukiwa na watoto arubaini mbele yetu hupitisha jicho tukasema vyema, endelea. Simlaumu mtoto. Herufi nzuri hajaiona mkono ukiiandika. Ameiona imechapwa tu, na iliyochapwa haimfundishi mtu pale kalamu inapoanzia wala pale inapogeuka.

Turudi Üsküdar. Mwanawe Sacid aliishika kazi ya kujalidi, akaifundisha naye. Jamaa yake Mustafa Düzgünman, aliyezaliwa mwaka 1920, alikuwa na duka la mitishamba na viungo hapo hapo Üsküdar. Akajifunza kwa mzee kujalidi na ebru, na katika miaka ambayo hapakuwa na watu wa kuijali fani hii, yeye aliuza bizari na mdalasini mchana, kisha akaenda katika sinia lake. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1990. Wengi wafanyao ebru leo Uturuki, na ni wengi, sanadi zao zapita katika duka lile la viungo na kufika kwa imamu, na kutoka kwa imamu kupanda kilima mpaka kwa Wauzbeki. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia ebru katika orodha ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2021 likaitia na khati ya Waturuki.

Vipande vya khati alivyovikusanya maisha yake yote viliingia katika hazina ya Topkapı, kasri ya masultani. Yeye mwenyewe amelazwa katika makaburi ya Karacaahmet, Üsküdar, Mwenyezi Mungu amrehemu na amnawirishie kaburi lake.

Katika wanafunzi wake wa mwisho alikuwako kijana mmoja aliyesomea madawa, Uğur Derman, aliyezaliwa mwaka 1935. Kijana huyu alizaliwa miaka saba baada ya sheria ya herufi. Shuleni alifundishwa A na B, na barua za babu zake hakuweza kuzisoma mpaka ajifunze upya kama ajifunzavyo mgeni. Alikwenda kwa mzee, akapewa ile dua ya kuomba wepesi, akaiandika na kuirudisha, akaiandika na kuirudisha, kisha akaendelea na mengine. Mwaka 1960 Necmeddin Efendi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, alimwandikia ijaza ya taaliki, kwa herufi zile zile, kama alivyoandikiwa yeye na Sami Efendi mwaka 1905.